Garaje zetu zianze na kle dinamometriki ndogo, kubwa itafuata

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa wasomaji niongee na makanika wenzangu wa hapa Lubumbashi, na pia na wenye magari wanaotulipa, kuhusu kle dinamometriki, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza. Ile kubwa wengi wanaijua, mimi naongea ya ile ndogo ya kukazia bulo (bolti) ndogo. Naona vijana huku kwenye mitaa ya Katuba, Kenya, Kamalondo na hata kule Ruashi wakishapata pesa kidogo wanakimbilia ile ya kare 1/2 (upana wa ncha yake ya mraba kwa inchi), ndefu, nzito, ndani ya sanduku yake ya plastiki, wanaiweka juu ya meza wanasema sasa garaje yetu iko kamili. Kwa magari haya tunayoshika kila siku, IST, Vitz, Corolla, Noah, ile kle inakaza ekru (nati) za matairi vizuri (Toyota ndogo nyingi zinataka 103 Nm, yaani nyutoni-mita, pale) na bulo chache za chini, basi. Bulo zinazokufa mikononi mwetu ni zile za kichwa cha 10 na cha 12, na kwa hizo kle kubwa haina msaada wowote.

Angalieni namba wenyewe. Ile ya 1/2 inayouzwa sana sokoni imeandikwa 28 mpaka 210 Nm. Bulo za kifuniko cha valvu kwa motere ndogo za Toyota zinataka kama 10 Nm. Skru ya kutoa hewa ya breki ni kama 8. Buji (plagi) inaanzia 18 mpaka 25 hivi, kufuatana na motere. Bulo ya vidanje (ya kumwagia mafuta ya motere) 37 au 38 kwa Toyota ndogo nyingi. Sasa kijana anashusha kle yake mpaka mwisho, 28, anaanza kukaza kifuniko cha valvu huku anangoja isikike tak, ule mlio wa kle ikifika kipimo, na kabla haijalia meno ya aluminiamu yameshatoka, halafu analaumu bulo, eti ni ya Kichina.

Na hata skeli yake ingeshuka mpaka 10 bado nisingeiamini. Kle ya tak inafanya kazi kwa resori (springi) iliyobanwa ndani ya mpini, ukizungusha mpini unaibana zaidi au unailegeza. Kule chini kabisa resori karibu haijabanwa, msuguano wa vyuma vya ndani unaanza kuhesabika kuliko kipimo chenyewe, na tak inakuwa ndogo mpaka huisikii, hasa umeme ukikatika na gurupu (jenereta) inanguruma nje ya mlango. Njo maana kanuni ya kimataifa ya kle hizi, ISO 6789, inazipima kuanzia asilimia 20 ya namba yao ya juu mpaka 100. Kwa ya 210 maana yake kuanzia 42, hata ile 28 iliyoandikwa pale iko chini ya hapo. Kwa ya 25 inaanzia 5. Kosa linaloruhusiwa ni asilimia 4 juu au chini kwa kle zinazopita 10 Nm, na asilimia 6 kwa zile ambazo mwisho wao ni 10 kushuka. Ukikuta kle imeandikwa asilimia 4 lakini ya namba ya mwisho, si ya namba unayosoma, fanya hesabu: asilimia 4 ya 210 ni 8.4 Nm. Unataka kukaza 10 na kosa peke yake ni 8, hapo hakuna kipimo tena.

Wenzangu wengi wananiambia Papa, mkono wangu unajua, nimekaza bulo tangu utoto. Sibishi, kuna wazee mikono yao imezoea kweli. Lakini mkono unapima nguvu unayovuta, haupimi urefu wa kle uliyoshika, na aprenti (anayejifunza kazi) anachukua raceti yoyote iliyo karibu. Hesabu si ngumu: kuple, yaani nguvu ya kuzungusha, ni nguvu mara urefu. Ukiwa na mpini wa sentimeta 25, ili ufike 10 Nm unahitaji uzito wa kilo 4 tu mwishoni mwa mpini. Kilo nne! Mwanaume mzima akivuta bila hata kujikaza anaweka kilo 30 pale, hiyo ni zaidi ya 70 Nm, mara saba ya kile bulo iliomba. Bulo ya M6 (unene wa milimeta 6) ya kawaida ikifika karibu mara mbili ya kipimo chake tayari iko kwenye hatari ya kukatika, na mara nyingi aluminiamu iliyoishika inaachia mapema kuliko hapo.

Wanaofuatilia historia ya kifaa hiki wanamtaja Conrad Bahr, mwaka 1918, aliyekuwa anafanya kazi kwenye huduma ya maji ya mji wa New York. Wafanyakazi walikuwa wanakaza bulo za mabomba kupita kiasi mpaka zinakatika. Wale walikuwa watu wa kazi, wenye mikono iliyozoea, na bado ilibidi watafutiwe kipimo. Kwa hiyo kijana asione haya kutumia kle dinamometriki mbele ya mteja, wala mzee asimcheke.

Niwaonyeshe kitu kimoja nilichokiona kwa macho. Mama mmoja anayeuza samaki kwenye soko la Kenya alileta IST yake, motere inatetemeka, na ukisogeza sikio unasikia tsi-tsi-tsi upande wa silinda ya tatu. Alikuwa ametoka kubadilishiwa buji kwa garaje moja hapa mjini, sitaitaja. Nikatoa bobine (koili ya buji), nikaweka duyi (soketi) ya buji, na ile buji haikutaka nguvu hata kidogo, ikaja na vidole. Ilipotoka juu kwenye mwanga, meno yake hayakuonekana, yalikuwa yamefunikwa na uzi mwembamba wa aluminiamu unaong'aa, umejizungusha toka chini mpaka juu, yaani meno yote ya kulasi (kichwa cha motere) yametoka pamoja nayo. Buji ilikuwa mpya, hata maandishi yake hayajafutika. Pale ilibidi kutoboa upya na kuweka meno ya chuma ya aina ya Helicoil, na vumbi la aluminiamu lisianguke ndani ya silinda, kazi ya siku nzima kwa uvumilivu, na mama alilipa pesa ambayo ingetosha kununua kle ndogo nzuri na chenji ikabaki. Na huyo alikuwa na bahati, kuna wengine kulasi inatoka kabisa.

Basi tununue ipi. Kwa aliye na ile ya 1/2 tayari, mimi nasema atafute ya kare 1/4, 5 mpaka 25 Nm. Hiyo inashika kifuniko cha valvu, bobine, buji, skru ya breki, bulo ndogo za pampu ya maji, karibu kila kitu cha M6 na M8 nyingi. Inabaki nafasi katikati, kati ya 25 na 42, na humo ndimo inaingia bulo ya vidanje na bulo nyingi za kaliperi ya breki, hizo utazifanya na kle kubwa ukijua iko pale chini haiaminiki sana, mpaka upate ya 3/8 ya 20 mpaka 100 au 110. Hiyo ya 3/8 ni kle nzuri sana, kuna watu watakuambia uanze nayo, na kwa anayefanya vidanje na breki tu hawajakosea. Lakini mimi nimeangalia ni kitu gani kinavunjika kwetu na nabaki pale pale, 1/4 kwanza. Mafundi wa pikipiki ndiyo hata msijiulize, motere yenu nzima imefunikwa na karte (vifuniko) za aluminiamu zilizoshikwa na bulo za M6, na kila siku naona moto (pikipiki) zinavuja mafuta pembeni kwa sababu bulo mbili kati ya nane hazina tena mahali pa kushika.

Kuhusu aina. Ile ya mshale, yenye fimbo ndefu na sindano inayotembea juu ya skeli, watu wanaidharau juu inaonekana ya zamani, mimi naipenda na kwa kijana asiye na pesa naishauri kwa moyo wote. Haina resori ya kuchoka, haina cha kufungua, sindano ikisimama kwenye sifuri wakati kle imepumzika basi iko sawa, ikipinda unairudisha taratibu. Shida yake lazima uitazame moja kwa moja kutoka juu, ukiitazama kwa pembeni unasoma namba nyingine, na kwenye kona ambayo jicho haliingii haifai. Ile ya tak inafaa kila mahali na ndiyo wengi watachukua. Ya elektroniki yenye skrini ni nzuri kwa anayefanya kazi mahali safi, lakini kwa vumbi letu jekundu la kuanzia mwezi wa tano, na betri zake za kutafuta, mimi siwezi kumwambia mtu wa Katuba aweke pesa yake pale.

Ukifika sokoni, au ukimwagiza mtu anayekwenda Kasumbalesa, usimwambie tu niletee dinamometriki ndogo. Mwambie kare gani na kuanzia ngapi mpaka ngapi, na mwambie asome kipimo kimeandikwa kwa nini. Hapo watu wanaumia sana. Kuna zinazokuja na inchi-paundi, kuna za futi-paundi, kuna za Nm, na nyingine zimeandikwa mbili pamoja juu ya mpini mmoja. Nm 10 ni karibu inchi-paundi 88 na nusu, lakini futi-paundi 10 ni Nm 13.6, yaani ukisoma upande usio wako umeshazidisha theluthi nzima bila kujua. Vitabu vya zamani vya Peugeot na Renault vinaandika daNm au mkg, pale 1 ni kama 10 Nm. Vya Toyota vinaweka na kgf·cm, 100 ya hizo ni 9.8 Nm. Andika haya ukutani mwa garaje kwa rangi, aprenti asome kila asubuhi.

Halafu ishike mkononi. Namba ziwe zimechongwa kwenye chuma, za stika zinafutika na mafuta ndani ya muda mfupi. Ukiweka namba na kufunga kufuli yake ya chini, jaribu kuzungusha mpini, ukisogea iache hapo hapo. Raceti iwe na meno mengi, maana nyuma ya motere ya IST pale karibu na ukuta huna nafasi ya kuzungusha sana. Kwenye sanduku kuwe na karatasi ya kipimo yenye namba ya kle, na hiyo namba iwe ile ile iliyochongwa kwenye kle, si karatasi iliyopigwa kopi moja kwa sanduku mia. Na ikiwa imeandikwa inaanzia 2 mpaka 100, muulize muuzaji ni nani aliyeipima kule kwenye 2.

Sasa utajuaje kama inasema kweli? Tuko na maji na tuko na bidon (dumu), inatosha kuanza. Funga ile kare kwenye etau (jiliwa), kle ilale sawasawa kama meza. Pima kutoka katikati ya kare mpaka katikati ya mpini, mahali mkono unaposhika, tuseme umepata sentimeta 25. Chukua bidon, iweke kwenye balansi pamoja na kamba yake, ongeza maji mpaka jumla ifike kilo 4. Itundike pale katikati ya mpini, taratibu, usiiachie ikaanguka. Hapo umeweka 9.8 Nm. Kle ikiwa kwenye 9 lazima ilie, ikiwa kwenye 12 isilie. Kle yenyewe ina uzito wake, na kwa hizi ndogo ule uzito unaweza kuongeza karibu nusu Nm au kupita, kwa hiyo hili ni jaribio la kukamata kle ya uongo, haliwezi kukupa ile asilimia 4. Lakini kle za uongo zinakamatwa kabisa. Na kuna faida nyingine niliyoiona, aprenti akishika ile bidon na kuambiwa hii hapa ndiyo nguvu yote ambayo kifuniko cha valvu kinataka, anashangaa, anainyanyua tena, na tangu siku ile mkono wake unabadilika.

Kuhusu kuitumia nitasema haraka maana mengi mnayajua. Usifungulie bulo nayo hata siku moja. Vuta polepole, shika katikati ya mpini, usiongeze bomba, ikilia tak acha, usirudie mara ya pili eti kuhakikisha. Kama imelala siku nyingi ilize mara kadhaa kwanza kwenye etau ili mafuta ya ndani yasambae. Jioni irudishe kwenye namba yake ya chini kabisa, usiipitishe chini ya hapo. Ekstansheni iliyonyooka haibadilishi kipimo, lakini kle ya kuongeza mbele inayorefusha mkono inabadilisha.

Hili la mafuta lakini nalirudia kwa nguvu. Namba za kitabu ni za meno safi na makavu, isipokuwa kitabu chenyewe kimesema weka mafuta. Sehemu kubwa ya nguvu unayoweka, karibu asilimia 90, inaliwa na msuguano, chini ya kichwa cha bulo na kwenye meno, kinachobaki ndicho kinachovuta bulo na kubana. Ukipaka mafuta umeondoa msuguano, namba kwenye kle ni ile ile lakini bulo imevutika zaidi. Kwa buji ni hatari zaidi, NGK wenyewe wanasema usipake chochote kwenye meno ya buji zao. Na kwa ambaye hajapata kle bado, buji mpya ya meno ya milimeta 14 yenye rondela (washa), izungushe kwa vidole mpaka ikae, halafu ongeza nusu mpaka theluthi mbili ya mzunguko, basi. Ikiwa ni ya zamani inarudishwa, rondela imeshalala, ongeza kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko.

Wenye magari, hii inawahusu pia. Ukipeleka gari kubadilisha buji au kifuniko cha valvu, muulize fundi kwa heshima atakaza na nini. Fundi mzuri hatakasirika. Na ukimkuta ana kle ndogo na anaitumia, akikuomba pesa kidogo zaidi ya jirani yake, mpe, kwa sababu kulasi haiuzwi kwa bei ya buji.

Wauzaji wetu wa vyombo nao nawaomba kitu. Mnajaza meza na kle za 1/2 kwa sababu ndizo tunazowauliza, lakini leteni na za 1/4 na za 3/8, zile za Nm, hata chache, mtaona zinavyoondoka.

Na mwisho nina ombi kwa shule. Kanuni ile ile ya ISO inataka kle irudishwe kupimwa baada ya miezi 12 au baada ya kutumika mara 5000, chochote kinachotangulia, na garaje ya mtaa haina mahali pa kuipeleka. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, wako hapa, shule ya Salama ya Wasalesiani iko hapa, na UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, iko na Politekniki yake. Ninyi mnafundisha watoto wetu mekanike na hesabu za nguvu, kuweka mkono wa chuma uliopimwa na mizigo iliyopimwa kwenye meza moja ya atelie si jambo la kuwashinda, na wanafunzi wangejifunza kwa kle za kweli zilizochakaa za mtaani. Mfungue mlango hata mara mbili kwa mwaka, mtutoze kidogo, mtuandikie kwenye karatasi kle hii inasoma ngapi kwenye 5, kwenye 15 na kwenye 25. Mkikubali, tangazeni siku na saa kwenye gazeti hili hili, nasi tutakuja nazo.

Msomaji wenu, makanika,
Katuba, Lubumbashi